Mjukuu aliyeleta ndoo

Jumapili jioni, sebuleni kwetu Mbezi Beach, Dar es Salaam. Umeme umerudi punde tu na feni ndiyo kwanza inachanganya. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Kwenye kioo yuko mamangu, leso begani, na nyuma yake lile dirisha letu la Kibokoni, Mombasa, lenye nondo nilizozipaka rangi mwenyewe nikiwa msichana. Anamtafuta mjukuu wake mdogo, wa miaka minne, aliyejificha nyuma ya kochi.

"Ndoo," anamwita. "Ndoo mwanangu, ndoo nikuone."

Mtoto akachomoka mbio, akapita mbele ya simu bila hata kuitupia jicho, akaingia bafuni. Tukasikia plastiki ikiburuzwa kwenye vigae. Akarudi na ndoo ya njano, ile ya kufulia, akaitua mbele ya simu, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri kutumwa tena.

Tulicheka. Mwanangu mkubwa alicheka mpaka akajishika mbavu. Dada wa kazi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kulikoni. Mamangu naye alicheka, kicheko chake kile cha kufunika mdomo kwa ncha ya leso.

Kisha akakohoa kidogo, akasema polepole, kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"Njoo, mjukuu wangu. Njoo nikuone."

Mimi nikaacha kucheka.

Ugeni usiopewa pole

Wiki sita sasa nimeibeba sentensi ile. Nimekwenda nayo kazini, nimekaa nayo kwenye foleni ya barabara ya Bagamoyo, nimelala nayo. Ya ndoo nimeshaisimulia kwa watu wengi, wote wakacheka, na mimi pamoja nao. Ya pili sijamsimulia mtu.

Mwanamke wa miaka sabini na kitu, aliyezaliwa Mombasa, aliyeolewa Mombasa, asiyewahi kubadilisha neno lake kwa ajili ya mwalimu wala kadhi, alijisahihisha mbele ya mtoto wa chekechea.

Ukisema unalea watoto nje ya nchi, watu wanafikiria theluji. Wanafikiria London, Toronto, au basi angalau Muscat. Mimi nimehama bandari moja nikahamia nyingine. Bahari ni ile ile, kaskazi na kusi ni zile zile, changu na tasi ni wale wale, bei tu ndiyo inatofautiana. Ukipanda basi alfajiri, ukapita Chalinze, Segera, Tanga, ukavuka Horohoro, jioni uko Mombasa. Ni kama kilomita 500. Nani atakupa pole kwa hilo? Mjomba wangu, aliyestaafu bandarini Kilindini, alinipa lawama badala ya pole. Aliniita msaliti. Bandari hizi mbili zinagombania mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo, halafu mimi nimekwenda kuwashughulikia wenzao makaratasi ya kontena.

Lakini ugeni ni ugeni. Nina kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja B, na kila miaka miwili roho inanidunda upya. Watoto wana hati ya mtegemezi. Baba yao naye alipewa hiyo hiyo. Siku alipoishika mkononi alilisoma neno hilo kwa sauti, "Mtegemezi," akanitazama, akacheka, kisha hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Hati ile haimruhusu kufanya kazi. Alivumilia miezi saba, akarudi kwenye duka lake Mombasa. Kila mwisho wa mwezi anatujia na mfuko wa mahamri yaliyokwisha kukauka njiani. Hilo nitaliandika siku nyingine, au sitaliandika kabisa.

Ninachotaka kusema ni kwamba anayehamia Ujerumani anajua tangu uwanja wa ndege kuwa lugha ya mtoto wake iko hatarini. Anajiandaa. Anaweka masharti: ndani ya nyumba hii tunaongea lugha yetu.

Mimi sikuweka sharti lolote. Ningeliweka la nini? Nilikuwa natoka kwenye Kiswahili naingia kwenye Kiswahili.

"Mkenya gani wewe?"

Mama wa genge la jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza. Nilikuwa nachagua bilinganya, tunapiga soga, nikamwambia kwetu ni Kenya. Aliuacha mchicha aliokuwa anaufunga.

"Mkenya gani wewe unayejua Kiswahili hivi?"

Nilimweleza kuwa mimi ni wa Mombasa. Akasema, "Aaa," kama mtu aliyeelewa, kisha akamwita mwenzake wa upande wa pili aje amwone Mkenya anayejua Kiswahili.

Kazini nilipokelewa na ule msemo wa Kiswahili kuzaliwa Zanzibar, kukulia Tanzania, kufia Kenya na kuzikwa Uganda. Mwenzangu mmoja aliutoa wakati wa chakula cha mchana, wali maharage mbele yake, kwa furaha ya mtu anayedhani ndiye wa kwanza kunisimulia. Nilitabasamu. Moyoni nilisema: kaka, kwetu watu walikuwa wanatunga mashairi kabla mji wako huu haujapewa hata jina. Sikuyatamka. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio.

Nilichofanya badala yake ndicho kinachonisumbua sasa. Wiki ile ile nilisema ofisini, "Nimekuja kwa ndia ya Mwenge," na chumba kizima kikageuka. "Ndia ndiyo nini?" Tangu hapo nikaanza kujichunga. Ndia ikawa njia. Ndaa ikawa njaa. Mato yakawa macho, kitwa kikawa kichwa, na nti, neno ambalo mpaka leo naliona lina udongo ndani yake, likawa nchi. Watu kwa kawaida hutoa vyombo vizuri kabatini wageni wakija. Mimi nilikuwa mgeni mwenyewe, nikavirudisha vyangu kabatini.

Hakuna aliyenilazimisha, niseme ukweli. Watu wa Dar ni wapole na lugha yao ni tamu. Ile ya "naomba maji" badala ya "nipe maji" wala sikuhitaji kufundishwa, wanaohitaji ni ndugu zangu wa Nairobi. Lakini utani wa kila siku, hata uwe wa upendo, unapukutisha kama msasa.

Na yapo maneno yaliyotugonganisha tukacheka tu. Kwetu mtu anaweza kukuambia "bibi yangu" akiwa na maana ya mkewe. Huku bibi ni mama wa mama. Na yule tunayemwita nyanya kwetu, huku anauzwa fungu mia tano.

Imla

Mkubwa alipokuwa darasa la kwanza alirudi na karatasi ya imla. Nane juu ya kumi. Mwalimu alikuwa amezungushia maneno mawili kwa wino mwekundu. Moja lilikuwa "mtele."

Nilikuwa jikoni na ungo mapajani. Nachagua mchele. Mikono yangu ilikuwa imo ndani ya kitu chenyewe.

"Mama, kwani siyo mtele?"

"Shuleni ni mchele."

"Na nyumbani?"

Nakumbuka nilitoa kijiwe kimoja, nikakitupa, nikatafuta kingine ambacho hakikuwepo. Ilikuwa saa moja na nusu usiku, nimetoka kazini nimechoka, na kesho yake nilikuwa na makontena yaliyokwama.

"Sema mchele tu, mwanangu. Usijichanganye."

Mwalimu alikuwa sahihi. Imla ya Kiswahili sanifu ni imla ya Kiswahili sanifu, na sikuwa na haja ya kwenda kugombana na mtu anayefundisha watoto hamsini. Ila baada ya kisa cha ndoo nilikaa nikafikiria ni nani aliyeamua kuwa ni mchele. Mwaka 1928 palifanyika mkutano wa wakubwa wa kikoloni kuhusu lugha, wakakubaliana kwamba Kiswahili cha shule na vitabu kijengwe juu ya Kiunguja, yaani Kiswahili cha Zanzibar. Mwaka 1930 ikaanza kamati ya kulisimamia hilo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kimvita, yaani Kiswahili chetu cha Mombasa, ambacho wamisionari wa upande wetu walikuwa wamekipigania, kikaachwa nje ya darasa.

Mkutano wenyewe ulifanyikia wapi? Mombasa.

Nilimsimulia mamangu kwenye simu. Alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na sisi tulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nadhani tulikuwa jikoni, tunachagua mtele.

Binti wa Singida

Hapa lazima nimtaje dada, kwa sababu yeye ndiye anayeilea lugha ya nyumba yangu. Naondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi kuvuka Mwenge. Narudi saa moja usiku, siku mbaya saa mbili. Katikati ya hapo mwanangu mdogo yuko na dada. Anaogeshwa na dada, anabembelezwa na dada, anagombezwa na dada. Maneno yake ya kwanza ya hasira yalikuwa ya dada: "Jamani, mi sitaki!" Na akichoka anajitupa kwenye kochi anasema, "Mwenzio nimechoka, mama." Ana miaka minne. Ananiita mwenzio.

Sitaki kulibadilisha hilo. Ni zuri mno.

Usiku mmoja, kama wiki mbili baada ya kisa cha ndoo, nilimkuta dada kibarazani anaongea na simu. Alipokata alikuwa anatazama tu geti. Nilimuuliza kama nyumbani kwema.

"Kwema, mama. Nilikuwa naongea na mwanangu."

Nilijua ana mtoto Singida, anayelelewa na mama yake. Nilijua kama ninavyojua namba ya luku. Sikuwahi kuuliza zaidi.

"Ana miaka sita sasa," akasema. "Anaongea Kinyaturu na bibi yake. Kile cha ndani kabisa, cha wazee. Mimi nikipiga ananiongelesha Kiswahili. Ananiamkia, 'Shikamoo mama,' halafu ananyamaza anasubiri nimuulize maswali. Kama mwalimu vile."

Nikamuuliza kwa nini yeye asimwongeleshe Kinyaturu.

"Namwongelesha. Anajibu kwa Kiswahili. Nadhani anaona mimi ni mtu wa Dar."

Tulikaa pale mpaka mbu wakatufukuza. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mgeni pekee ndani ya nyumba ile, kwa sababu mimi ndiye mwenye kibali chenye mhuri. Na huyu binti amevuka mpaka ambao hauna hata kituo cha kugongewa pasipoti, kuja kumfundisha mwanangu kusema "mwenzio", wakati wa kwake anamwamkia kama mwalimu.

Niliongeza mshahara wake mwezi ule. Pia nilimpa likizo ya wiki tatu badala ya mbili. Siandiki hili nisifiwe. Nimeliandika kwa sababu nilipolifanya nilijisikia vizuri kwa siku mbili, kisha nikaona kwamba bado mtoto wake yuko Singida na wa kwangu yuko naye.

Sauti ya 2019

Nikarudi kwenye yangu. Usiku mmoja nilikuwa namtafutia mume wangu risiti ya zamani kwenye simu, nikajikuta napandisha mazungumzo yangu na ndugu yangu wa Mombasa, juu, juu zaidi, mpaka 2019, mwaka niliohamia. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa dakika nzima. Niliubonyeza.

Kuna mwanamke anaongea. Anasema mtoto yuwaja, baba yake yuwamshika mkono. Anasema ndaa imemshika. Anauliza, "Mbona wateka?" na nyuma yake kuna mtu kweli anacheka. Anaongea haraka, anameza viishio, anapandisha sauti mwisho wa sentensi kama mamangu.

Kisha nikacheza ujumbe wa mwezi uliopita. "Dada yangu, samahani kwa usumbufu, naomba unisaidie kitu kimoja." Ndugu yangu alikuwa amejibu kwa maandishi: *Nani huyu?* Na kikatuni kinachocheka.

Kumbe kwa wiki zote zile nilikuwa namlaumu mtu asiyekuwepo. Shule, dada, mji, wakoloni wa 1928. Mtoto hakulisahau neno la bibi yake. Hakuwahi kupewa. Kwa miaka minne nimemwita mara elfu, bafuni, mezani, getini, na mara zote nimesema "njoo."

Nilijaribu kurekebisha, kwa namna ya kijinga kabisa. Nilitangaza kwamba Ijumaa usiku mezani ni Kimvita tupu. Ijumaa ya kwanza ilikwenda kwa vicheko. Nilimwambia mkubwa, "Usiteke," akanisahihisha: "Kucheka, mama. Kuteka ni maji." Ijumaa ya pili aliniuliza mbona naongea kama naigiza. Nilitaka kumkatalia, nikashindwa. Nilikuwa naigiza. Nilikuwa nachagua kila neno kabla ya kulitoa, mimi niliyekuwa naongea hivyo usingizini. Ijumaa ya tatu nilichelewa kwenye foleni, nikawakuta wameshakula chipsi mayai na kulala.

Na kuna usiku nilijiuliza kama haya yote si majivuno tu. Watoto wana afya, wanasoma, wana marafiki, wanaongea Kiswahili ambacho nusu ya Afrika Mashariki inakitamani. Wanajua bibi yao ni nani. Neno moja lina thamani gani? Hata kwetu ndoo ni ndoo pia. Tunaitana ndoo na tunachotea maji ndoo, na hakuna mtu wa Mombasa aliyewahi kuchanganyikiwa.

Nikamuuliza mwenyewe

Mwishowe nilifanya kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza. Nilimpigia mamangu, watoto wakiwa shule, nikamuuliza kwa nini siku ile alibadilisha.

"Kubadilisha nini?"

"Ulisema ndoo. Kisha ukasema njoo."

Alifikiri. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama au machozi, au basi kuomba radhi.

"Kwani alikuja?" akauliza.

"Alikuja, ndiyo."

"Basi. Nilikuwa nataka aje. Ningemwita kwa Kihindi lau angekuja."

Nikamwambia kuwa mimi liliniuma. Akasema, "Wewe wapenda kuumia tangu mdogo," akabadilisha mazungumzo, akaniuliza bei ya nazi huku.

Sijui kama alikuwa ananificha kitu. Mamangu anajua kuficha. Lakini Jumapili iliyofuata aliposhika simu, kabla hata ya salamu, alianza yeye mwenyewe, kwa sauti yake ile ya barazani inayosikika mpaka nyumba ya tatu:

"Ndoo! Ndoo we!"

Mdogo alimtazama. Akanitazama mimi. Nikaona kabisa kwamba amejua, kwa sababu midomo yake ilianza kujikunja kwa kicheko kabla hajanyanyuka. Akaenda bafuni taratibu, kwa madaha, akarudi na ile ndoo ya njano.

"Leo ina maji au tupu?" mamangu akauliza.

"Tupu!"

"Nimekwita na ndoo tupu? Hebu rudi!"

Tangu siku hiyo ni mchezo wao. Mimi sina nafasi ndani yake, na wala sikaribishwi. Kuna siku ndoo inaletwa na mwanasesere ndani, kuna siku na kandambili ya mkubwa. Dada amenunua nyingine ya kufulia, maana hii haipatikani Jumapili.

Juzi nilikuwa jikoni nakaanga dagaa. Nilisikia "ndoo" ya mamangu, nikasikia vigae, kisha kimya kirefu kuliko kawaida. Nikachungulia. Mtoto alikuwa amepiga magoti, amechukua simu kutoka kwenye chupa ya chai, ameishusha kwa mikono miwili mpaka ndani ya ndoo, na sasa ameinama juu yake anatazama chini. Namshukuru Mungu ilikuwa imekauka.

Kutoka mle ndani sauti ya mamangu ilikuwa inavuma kama iko kisimani.

"Wee! Mbona kiza huku? Wanipeleka wapi?"